Kadi za biashara kwa fundi sauti anayejitegemea: ipi uchapishe, ipi uiache

Nianze na jibu, maana najua mnaofikiria kuchapisha kadi mnataka kujua kama hela itarudi. Itarudi, kama wewe ni fundi wa kurekodi unayebeba vifaa vyako na kuwafuata wanamuziki waliko. Kama kazi yako yote ni kupokea faili kwa intaneti, kumiksi (kuchanganya na kusawazisha sauti zilizorekodiwa) na kurudisha, kadi itakula hela yako bure, na kuna kitu kingine kitakachokufaa zaidi ambacho nitakifikia. Mimi nafanya yote mawili, ila kinachonilisha hasa ni kurekodi kwaya na bendi ndogo ukumbini. Nimeshatembea na kadi za kung'aa, nyeusi zenye mguso wa laini, za karatasi kavu, zenye msimbo wa QR, na ile ya plastiki yenye chipu ndani. Hapa nazipima kwa kazi yetu sisi watu wa maiki na kebo, si kwa kazi ya wakili au dalali wa nyumba.

Kwanza tuelewane kadi inafanya kazi gani. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwenye kurekodi hilo halina ubishi. Sijawahi kuona mwanamuziki akitoa kazi kwa kutazama kadi. Anakupa kazi kwa sababu amesikia ulichomrekodia mwenzake, akasikia besi imekaa mahali pake na maneno ya mwimbaji yanasikika yote, au kwa sababu mpiga dramu anayemwamini amemwambia, "Yule jamaa hana papara, mpigie." Sikio ndilo linaloajiri. Lakini tangu siku sikio liliposikia hadi siku mtu anapokuwa tayari kurekodi, muda mrefu hupita. Bendi hurekodi ikiwa na nyimbo na ikiwa na hela, na vitu hivyo viwili havikutani upesi. Katikati hapo jina lako linapotea. Namba anayo, lakini ameihifadhi kama "Fundi Studio", na mafundi studio kwenye simu yake wako watatu. Au simu imeibwa, na majina yakaenda nayo. Pengo hilo ndilo kadi inalolinda, na kila kitu nitakachosema kuhusu karatasi, wino na chipu kinatoka hapo: je, kitu hiki kitakuwepo, na kitasomeka, siku yule mtu atakapokihitaji?

Tena tazameni namba zetu huombwa saa ngapi. Ni mwisho wa kurekodi, wakati mbaya kuliko wote. Nakunja kebo, waimbaji wamenizunguka wanataka kusikia kipande, mwenye ukumbi amesimama mlangoni na ufunguo. Simu za watu nimezizimisha tangu mwanzo, kwa sababu simu iliyo kwenye mtandao wa GSM, yaani 2G, ikikaa karibu na maiki au kebo isiyokingwa vizuri huingiza ule mngurumo wa "drrr, dr-drrr", mapigo 217 kwa sekunde, na ukishaingia kwenye treki ya mwimbaji kuutoa ni kazi. Basi mpiga tarumbeta ananijia, simu yake imezimwa na iko ndani ya begi, mikono yangu imejaa. Namwambia, "Kaka, chukua kadi hapo mfukoni." Anaichukua na kuiweka kwenye kesi ya tarumbeta, pale penye mafuta ya vali na kitambaa. Kesi ile ataifungua kesho, keshokutwa na kila siku ya mazoezi. Hakuna tangazo la kulipia litakalonipa nafasi kama hiyo, na ndiyo maana nawaambia vijana wanaoanza: lenga kesi ya ala, si pochi. Pochi imejaa.

Sasa kadi zenyewe.

Ya kung'aa, yenye laminesheni (utando wa plastiki) pande zote mbili, ndiyo ambayo mchapaji atakuonyesha kwanza. Rangi zinapendeza na maji hayaiharibu haraka. Kwa fundi sauti sina cha kuisifia zaidi ya hapo. Kalamu haishiki juu yake: wino wa kalamu ya kawaida unateleza, ukilazimisha unabaki mchirizi unaofutika kwa kidole. Halafu chini ya taa za jukwaa inamulika, na mtu anailaza huku na huku apate kusoma namba. Alama yangu ni 4 kati ya 10, na hizo 4 ni za maji.

Nyeusi yenye mguso wa laini ndiyo inayopendwa na watu wa muziki, naelewa kwa nini. Ukiishika unajisikia una studio kubwa. Lakini kazi yetu iko gizani. Nyuma ya jukwaa, kwenye chumba cha kudhibiti chenye taa hafifu, ndani ya gari usiku, herufi nyembamba za kijivu juu ya weusi hazionekani. Alama za vidole zinakaa juu yake kama zimechapwa. Na kwa kuwa weusi ule ni wino juu ya karatasi nyeupe, baada ya muda kingo zinachubuka na weupe unatokeza pembeni, kadi inaonekana kuukuu kabla ya wakati wake. Kama unaipenda lazima, omba karatasi yenye rangi nyeusi hadi ndani, na herufi nene nyeupe. 3 kati ya 10.

Ninayoitumia sasa ni ya karatasi kavu isiyo na laminesheni, gramu 350 kwa mita ya mraba, nyeupe yenye umanjano kidogo, herufi nyeusi tu. Mchapaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Ninayo. Ukubwa ni milimita 85 kwa 55, karibu sawa na kadi ya benki, kwa hiyo inaingia popote palipotengenezwa kwa ajili ya kadi ya benki. Za Marekani ni ndefu zaidi kidogo na nyembamba kwa kimo, za Japani hufika milimita 91, na zote mbili zinasomeka vizuri tu, ila iliyozidi urefu hukunjwa kona mtu akiilazimisha kuingia. Karatasi kavu ina kasoro zake: inakunywa wino, kwa hiyo rangi kali za kwenye skrini zinatoka zimefifia, inachafuka, kona zinalegea. Hayo yote nayakubali kwa sababu ya jambo moja. Inaandikika. Kalamu yoyote, hata penseli ya mwalimu wa kwaya, inashika. 9 kati ya 10.

Hilo la kuandikika naomba nilifafanue, maana ndilo lililobadilisha kabisa namna ninavyoitumia kadi.

Upande wa nyuma sikuweka nembo wala picha ya maiki. Nimechapa mistari mitano myembamba yenye maneno madogo mwanzoni: wimbo, tarehe, kasi, ufunguo (sauti ya msingi ya wimbo), sampuli. Baada ya kila kurekodi najaza kwa mkono kadi mbili. Moja inaingia ndani ya kasha la diski ninayomkabidhi mteja, nyingine anapewa kiongozi wa kundi mkononi. Inanichukua dakika moja. Mteja anapokea kitu chenye mwandiko wa mtu na jina la wimbo wake, na kitu cha namna hiyo watu hawakitupi.

Faida yake niliiona kwa kwaya moja niliyoirekodi kwa kiwango cha sampuli cha 48 kHz (sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde), biti 24, kwa kuwa walikuwa wanapiga na video, na video hutumia kiwango hicho. Miezi ikapita. Wakampa mtu mwingine amiksi, kwa kuwa alikuwa jirani yao, sina kinyongo. Treki zikaishia kuchezwa kama vile ni za 44.1 kHz, kiwango cha CD. Programu nyingi siku hizi hukuonya au hubadilisha zenyewe, lakini si katika kila mpangilio, na faili zikipita mikono kadhaa lolote linaweza kutokea. Wimbo wa dakika 4 ukawa wa dakika 4 na sekunde 21. Ukashuka karibu robo tatu ya toni. Soprano wakasikika kama alto, na mwalimu wa kwaya, mama mmoja mwenye sikio kali sana, akajua tu kwamba hao si waimbaji wake. Fundi yule akamwambia labda siku ile walianza chini. Mama akafungua faili la nota, akatoa kadi yangu, akasoma mstari wa mwisho: 48/24. Na mstari wa juu yake: ufunguo wa Sol. Akanipigia papo hapo, "Mwanangu, hii 48 ni nini?" Nikamweleza, akamweleza fundi, jioni ile ile wimbo ukarudi mahali pake. Kurekodi kwao kulikofuata nilikwenda mimi, na kumiksi pia.

Msidhani kilichonirudishia kazi ile ni ubora wa muundo wa kadi. Ni kwamba siku kulipotokea shida, karatasi iliyokuwa na jibu ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa na namba ya simu.

Tuje kwenye msimbo wa QR. Ni kitu cha maana, kilibuniwa na kampuni ya Denso Wave ya Japani mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na kwetu kina kazi moja ambayo maandishi hayawezi: kumfikisha mtu kwenye sauti. Kwa hiyo msimbo wangu haupeleki kwenye wasifu wala kwenye ukurasa wa mitandao ya kijamii uliojaa picha. Unafungua ukurasa wenye vipande vitatu vya kusikiliza: kwaya bila ala, bendi ikipiga pamoja ukumbini, na sauti moja na gitaa. Mtu akibonyeza, asikie ndani ya sekunde chache. Ukimpa albamu nzima hatasikiliza kitu.

Kuna mambo ya kiufundi hapa ambayo wachapaji wengi hawatakuambia. Weka anwani fupi ndani ya msimbo. Ukijaza jina, namba mbili, barua pepe na anwani ya nyumba, vijiraba vinakuwa vingi na vidogo, na karatasi kavu inayokunywa wino itavichanganya. Mimi naweka kiungo tu, kwa upana wa sentimita 2, na nimechagua kiwango cha juu cha kujirekebisha, kile kinachoruhusu msimbo kusomeka hata kama takriban asilimia 30 yake imeharibika, kwa sababu kadi zangu zinaishi pamoja na mafuta ya vali. Acha ukingo mweupe wa vijiraba vinne pande zote. Usichape weupe juu ya weusi. Simu nyingine zinasoma, nyingine zinagoma.

Na la muhimu kuliko yote: tengeneza msimbo wenye kiungo chako mwenyewe moja kwa moja, juu ya jina la tovuti unalolimiliki. Kuna huduma zinazokupa msimbo unaopitia kwanza kwenye seva yao, ili uweze kubadilisha kiungo baadaye na kuhesabu waliobonyeza. Zinavutia, lakini huduma ikifungwa au malipo yakikatika, kila kadi uliyowahi kutoa inakufa siku hiyo hiyo, mahali usipopajua. Kadi inayokaa miaka ndani ya kesi ya tarumbeta haiwezi kutegemea malipo ya kila mwezi. Ukiwa na tovuti yako, ukurasa wa ndani unaubadilisha upendavyo na msimbo unabaki ule ule.

Ile ya chipu, ya kugusisha na simu, nimeitumia muda wa kutosha kuisema kwa haki. Inafanya kazi. Chipu zake za kawaida hubeba baiti 144 tu katika aina ndogo, zinatosha kiungo, na iPhone kuanzia zile za 2018 zinaisoma bila kufungua programu yoyote. Kwenye mkutano wa watu wa ofisini ingenifaa. Lakini kadi ni moja, unagusisha na kuirudisha mfukoni, na yule mtu anaondoka mikono mitupu. Amebaki na ukurasa uliofunguka kwenye simu, na ukurasa huo utafungwa akipokea ujumbe unaofuata. Na kama nilivyosema, kwenye kurekodi simu zimezimwa. Nimempa mpwa wangu anayeuza bima, anaifurahia.

Maneno ya kuandika, nitasema kwa ufupi. Taja kazi unayoijua zaidi, kwa maneno ya mteja. Yangu inasema "Narekodi kwaya na bendi, ukumbini au nje". Nikiona kadi ya mtu inayosema mhandisi wa sauti, prodyuza, DJ, mpiga picha, video na ukodishaji wa viti, najua mwenye kadi ana bidii, lakini sijui nimpigie kwa lipi. Namba ya simu iwe moja, ile ambayo hutaibadilisha. Herufi zisishuke chini ya pointi 8. Viongozi wengi wa kwaya wanavaa miwani na si wakati wote wanayo. Na jina liandikwe vile vile linavyoandikwa kwenye orodha ya walioshiriki katika rekodi, herufi kwa herufi, ili mtu aliyesoma jina kule na aliyeshika kadi huku wajue ni wewe yule yule.

Nani apewe? Hapa naona wenzangu wanatapanya karatasi. Kuacha rundo la kadi juu ya kaunta ya duka la vyombo vya muziki hakujawahi kunirudishia simu niijuayo. Kugawa ukumbini kabla ya onyesho ni hivyo hivyo, kwa sababu bado hawajasikia kitu. Mimi natoa kwa wanaouliza, kwa walionisikia, na kwa kundi la tatu ambalo watu hawalifikirii: mafundi wa ala. Fundi wa kutyuni piano anajua ni nani anataka piano ikae sawa ifikapo Ijumaa, na mara nyingi sababu ni kwamba Jumamosi kuna kurekodi. Fundi wa gitaa anajua nani ametia nyuzi mpya na kuomba shingo inyooshwe haraka. Mkodishaji wa dramu na vikuza sauti naye anajua. Watu hawa husikia habari za kurekodi kabla yetu, na hatushindani nao. Nawapa kadi tano tano, na mimi natembea na zao. Nimeshampigia fundi piano saa moja asubuhi, ala ikiwa imeshuka na kwaya iko njiani, akaja. Na yeye ameniletea wateja ambao nisingewafikia kwa njia nyingine yoyote. Mafundi sauti wenzenu nao wapeni, hasa wanaofanya kazi tofauti na yenu. Mwenye chumba kidogo cha kurekodia sauti moja hawezi kupokea kwaya ya watu arobaini, na akiwa na kadi yako atawaelekeza kwako kwa roho safi.

Sasa nyie wa kumiksi na kumasta kwa intaneti. Kwenu kadi ni folda mnayorudisha. Ndani ya folda hiyo, pamoja na faili za sauti za WAV, wekeni faili dogo la maandishi lenye jina la wimbo, tarehe, kiwango cha sampuli na biti, orodha ya matoleo mliyotuma, jinsi jina lenu linavyopaswa kuandikwa kwenye orodha ya washiriki, na mawasiliano. Jina la faili lianze na jina la msanii na wimbo, lisiwe "soma hapa". Folda ile itanakiliwa kwa meneja, kwa msambazaji, kwa mtu wa video, na faili lenu litasafiri nayo bila nyie kulipa chochote. Hela ya kadi nunulieni diski ya akiba.

Kwa wanaochapisha, kiasi kisizidi mia moja kwa mara moja. Uchapaji wa zamani wa sahani (bamba lenye picha ya kadi) unakulazimisha kuchapa maelfu ili bei ya kila kadi ishuke, kwa kuwa gharama kubwa ni kutengeneza sahani zenyewe. Mashine za kidijitali hazina sahani, kwa hiyo idadi ndogo haikuumizi sana. Peleka faili la PDF lenye milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatwa, rangi ziwe za uchapaji na si za skrini, na omba nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ile ile. Ikifika, iandikie kwa kalamu, paka kidole juu yake, izungushe gizani, kisha soma msimbo kwa simu ya zamani kuliko zote nyumbani. Ikishindwa hata moja, usilipie zilizobaki.

Toleo langu lijalo nabadilisha jambo moja tu. Mstari wa "kasi" hauna kazi kwa kwaya zinazoimba bila metronomu, kwa hiyo pale nitaweka "maiki", niandike nilitumia zipi na zilikaa umbali gani, maana waimbaji wakirudi baada ya mwaka mzima hutaka sauti ile ile ya mara ya kwanza.